Chanjo ya Darasa la Tatu

Mtaa wa Las Tablas, pale mjini Esmeraldas mto unapokaribia kumwaga maji baharini, hakuna mtu mwenye akili zake aliyesema chanjo akimaanisha sindano. Sindano iliitwa sindano. Mtoto alipelekwa kudungwa, mjamzito alikwenda kudungwa, na mbwa wa jirani naye akadungwa. Chanjo ilikuwa ile hela ambayo wenye bunduki walipita kuidai kwa muuza samaki, kwa fundi viatu, kwa kinyozi, hata kwa mchungaji. Ukitoa, umechanjwa, hupatwi na kitu. Usipotoa, shauri yako. Ni mwanaharamu gani aliyebuni utani huo Mungu ndiye ajuaye, lakini alijua kutukana watu. Zahanati ya mtaa yenyewe ilifungwa kwa sababu ya chanjo, wauguzi wakakimbia na makoti yao meupe mkononi, na mtu akikwambia hivyo pale hufikirii dawa hata kidogo.

Betsabé Nazareno alilijua hilo vizuri. Alizaliwa Esmeraldas hiyohiyo, mtaa mwingine wa juu kilimani, na kwao pia walisema sindano. Lakini alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu, na chuoni watu wanazungumza kama barua za serikali. Bibi wa ofisi ya mazoezi ya kufundisha alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Bila chanjo huingii darasani, binti. Homa ya ini, pepopunda, surua, kifaduro. Zote. Na bila darasa hakuna cheti. Usije ukanililia hapa mwezi wa mwisho kama wenzako."

Basi Betsabé akaanza kuzisaka. Kwa kuwa zahanati za karibu zilikuwa ama zimefungwa ama hazina dawa, alivuka mto alfajiri, akapanga foleni na akina mama wenye watoto wachanga, akarudi mkono umevimba na mara nyingine umevimba moyo tu, maana dawa ilikuwa imekwisha. Kwa wiki nyingi kichwani mwake hamkuwa na neno lingine. Chanjo imefika, chanjo imekwisha, chanjo moja bado. Hata ndotoni aliota anachanjwa. Alikuwa na hamu ya kufundisha mpaka inauma, na kati yake na ubao palikuwa na sindano moja tu, ile ya kifaduro.

Na ile ya kifaduro ndiyo iliyokuwa kiini cha mambo. Mwaka uliotangulia, shule ya Las Tablas ilipokea mwanachuo wa mazoezi aliyekohoa kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Watoto wa darasa la tatu wakaanza kukohoa, wakapeleka kikohozi nyumbani, na huko nyumbani kwa doña Eufemia Corozo, yaani bi Eufemia, kulikuwa na kichanga ambacho hakikuwa kimedungwa, kwa sababu zahanati ilishafungwa. Kichanga kilikohoa kikawa cha bluu. Kama ni yule mwanachuo aliyeuleta ugonjwa au la, hakuna aliyepima. Eufemia hakuhitaji kupimiwa. Yeye ndiye aliyekuwa mwakilishi wa wazazi wa darasa la tatu, aliuza barafu na juisi za kugandisha dirishani kwake, na baada ya kumzika mwanawe alikwenda kwa mkuu wa shule akasimama mlangoni bila kuketi.

"Seño Targelia," alisema, maana seño ndivyo mwalimu wa kike anavyoitwa kule, "mwaka huu ukituletea mwanachuo mwingine ambaye hajadungwa, mimi mwenyewe nitamtoa kwa ufagio."

Mkuu wa shule, Targelia Mina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, aliapa. Na Targelia akiapa jambo, lilikuwa. Ndiye aliyekwenda mwenyewe kwa Kijiko, yule kijana aliyekusanya hela za chanjo mtaa mzima, akamwambia usoni kwamba wazazi wa shule yake hawana hata chumvi ya kutia kwenye ndizi, na kwamba akitaka damu akamue mawe. Kijiko alikuwa amesoma kwake darasa la kwanza na la pili. Alicheka, akawaacha wazazi, akaridhika na mwenye kibanda cha vitafunio pale shuleni. Ulikuwa ushindi mkubwa, na Targelia alistahili kuringa nao. Shule za jirani zilikuwa zinakamuliwa mzazi mmoja mmoja.

Wiki moja kabla ya mazoezi kuanza, Targelia alimpa Betsabé, aliyepangiwa darasa la tatu hapo, namba ya Eufemia.

"Mpigie. Au mtumie sauti, maana namba asiyoijua hapokei. Mwondoe hofu. Mwambie utakuwa umemaliza kila kitu kabla ya kuwagusa watoto. Huyo akikukubali, wengine wote wamekukubali."

"Anajua kwamba naja?"

"Anajua, anajua. Nilimwambia mtu atakuja."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa nia njema kabisa, jambo linalonikera kuliko yote. Betsabé aliketi kitandani kwake, akajirekodi. Mara ya kwanza alijieleza mno, jina la chuo, jina la mama, akajiona kama anaomba kazi ya ndani. Akafuta. Mara ya pili alikohoa katikati, akacheka, akafuta haraka, maana kumkoholea mama yule ingekuwa balaa. Akarekodi tena, kwa kifupi, kwa upole, kwa ile sauti ya kualika watoto wakae mkekani ambayo alikuwa akiifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Habari za jioni, doña Eufemia. Mimi ndiye yule mnayemngoja. Kuanzia Jumatatu nitakuwa na watoto wenu wa darasa la tatu. Najua mmekuwa na hofu, basi nataka niwatoe hofu. Chanjo itakamilika Ijumaa, yote, haitabaki hata moja. Ikishakamilika, watoto watakuwa salama. Mkuu wa shule anajua kila kitu, hamna haja ya kumsumbua. Na majina yao nimeshayashika yote. Dayra wako, Yandry, Ismaela, wote. Nina hamu kweli ya kuwaona. Tafadhali wafikishie na wazazi wengine."

Aliusikiliza ujumbe huo mara moja. Akajipenda. Akautuma.

Angesema sindano. Neno moja tu, lile alilolelewa nalo, na leo angekuwa mwalimu wa watu. Lakini ofisi ilikuwa imeshamtia neno lake mdomoni, naye hakulihisi.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa la maandishi. "Tumeelewa. Tutajitahidi. Tafadhali watoto wasiguswe."

Betsabé akahuzunika kidogo kwa ajili ya yule mama na kichanga chake. Akamjibu, "Hawataguswa, ondoa shaka. Asanteni kwa ushirikiano." Akaweka na moyo mwekundu.

Ijumaa alivuka mto akapata sindano ya kifaduro. Muuguzi alimgongea muhuri wa mwisho kwenye kadi, na Betsabé akaibusu kadi ile mbele ya foleni nzima, akina mama wakamcheka. Nyumbani alipiga pasi blauzi. Alikata herufi za karatasi za rangi, akaandika jina la kila mtoto.

Jumatatu asubuhi Eufemia alikuwa amesimama langoni pa shule peke yake. Betsabé alimtambua kwa picha ya simu akamwendea na mikono miwili.

"Doña Eufemia! Ni mimi, tulizungumza."

Mama yule alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, blauzi ilivyonyooka, mkoba wa herufi za rangi. Hakutoa mkono. Alitoa kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa utepe wa gundi.

"Imetimia," alisema. "Darasa zima. Hesabu mwenyewe, bosi."

Kila mwaka, kila shule, wazazi huchanga kidogo kwa ajili ya karatasi, sabuni na chaki. Betsabé alidhani ni hizo. Alidhani na lile "bosi" ni utani, akacheka.

"Jamani, mama, hamkuwa na sababu ya kuharakisha namna hii! Hata mwezi ujao ingefaa."

"Mwezi ujao?" Eufemia alirudi nyuma hatua moja. "Kuna na mwezi ujao?"

"Kidogo kidogo tu. Mtakachoweza. Sitawabana."

Eufemia alitikisa kichwa taratibu, akageuka, akaenda zake akitembea karibu na ukuta. Betsabé alimwonea huruma tena. Kopo likaingia mkobani pamoja na herufi.

Darasa la tatu lilikuwa limekwisha kuketi. Hapakuwa na mtoto aliyesukumana wala aliyechungulia, na mikono yote ilikuwa juu ya meza. Betsabé alikuwa ameonywa chuoni juu ya makelele, akaandaliwa kwa vita, na sasa alikuta kanisa. Akasalimia. Wakajibu kwa pamoja kwa sauti ya chini. Akabandika majina yao ukutani, na kila alipobandika jina, mwenye jina alishtuka. Kalamu ilimponyoka Betsabé. Watoto wawili waliinama chini ya meza wakajifunika vichwa kama walivyofundishwa kwenye mazoezi ya kujikinga na risasi.

"Kuna nini leo?" aliuliza akitabasamu kwa nguvu. "Nani amewaambia mimi ni mkali?"

Waliinamisha macho mezani.

"Mnaogopa kwamba nitawaletea ugonjwa? Hapana. Nimeshachanjwa. Njooni muone." Akakunja mkono wa blauzi mpaka begani, akawaonyesha alama ya sindano.

Walinyoosha shingo. Walikuwa wanatafuta mchoro, ule wa kundi la wenye bunduki, maana huchorwa hapohapo begani. Hawakuuona. Ndipo Dayra wa Eufemia, aliyeketi mbele, akapata ujasiri.

"Seño, basi sasa hutatufanya kitu, si ndiyo? Mama ameshatoa chanjo. Ameuza friji."

Betsabé aliusikia ule ujumbe wake wote kwa mara ya kwanza, neno kwa neno, kwa masikio ya Las Tablas. Nitakuwa na watoto wenu. Majina yao nimeshayashika yote. Alikwenda nyuma ya mlango akatapika ndani ya ndoo ya takataka, na watoto hawakucheka hata hapo.

Targelia aliposikia aliketi. Kisha akainuka, akatuma watu nyumba kwa nyumba, na kabla ya mchana wazazi walikuwa wamejaa darasani, wanaume wamesimama nyuma, wanawake wamejibana kwenye viti vya watoto. Betsabé alieleza mwenyewe. Alitaka kujificha nyuma ya mkuu wa shule lakini hakujificha, na hilo tumhesabie. Alionyesha kadi, sindano moja moja, akarudia kila sentensi ya ule ujumbe na maana aliyokuwa nayo. Akaweka kopo juu ya meza, utepe haujafunguliwa.

Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo 'chanjo itakamilika Ijumaa' ni mkono wako wewe?"

"Mkono wangu."

"Na 'nina hamu kweli ya kuwaona'?"

"Nilikuwa na hamu kweli."

Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, na darasa zima likafuata. Walicheka kama watu waliotoka msibani wakakuta marehemu anakunywa supu. "Mimi nilijifungia chooni nausikiliza!" "Mume wangu alisema, sikia huyu, siku hizi wanatuma wasomi!" "Na moyo mwekundu je? Ule moyo ndio ulioniua!" Eufemia alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka kicheko kikageuka kilio, na wenzake wakampigapiga mgongoni. Akamwangalia Betsabé kwa mara ya kwanza kama mtu anavyomwangalia mtu.

"Mjinga wewe," alimwambia. "Sindano! Inaitwa sindano! Kwenu hamna kinywa?"

"Nisamehe, mama."

"Friji yangu nitaikomboaje sasa? Haya, fungua hilo kopo, kila mtu achukue chake."

Wakati wanatafuta kisu cha kukata utepe, pikipiki ilisimama nje.

Maana hela haikutoka angani. Friji iliuzwa, sawa, lakini wengine walikopa kwa wakopeshaji wa riba, na mkopeshaji huuliza ni za nini. Mama mmoja alijibu kweli. Chanjo, ya darasa la tatu. Mkopeshaji naye ana watu wake, na kufikia asubuhi hiyo Kijiko alikuwa amesikia kwamba kuna mtu anachanja kwenye mtaa wake bila ruhusa.

Aliingia bila kubisha hodi, mwembamba, kofia mkononi kwa adabu ya zamani. Bastola ilikuwa mbele ya mkanda, juu ya kitovu.

"Habari za mchana, seño Targelia. Nani anachanja hapa?"

Betsabé alifungua mdomo, na Targelia akamkanyaga mguu.

"Hakuna anayechanja, mwanangu. Ni huyu binti, mwanachuo, hajui kuongea." Akamweleza yote, haraka, kwa sauti ya kuchekesha, kama anamsimulia mtoto hadithi ili anywe dawa. Alikuwa anaokoa maisha ya mtu na alijua.

Kijiko akaomba kuusikia ule ujumbe. Eufemia alimpa simu. Aliusikiliza wote, kichwa kimeinama, na ulipofika kwenye hamu ya kuwaona watoto alianza kutetemeka mabega. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia.

"Dada, una kipaji," alimwambia Betsabé. "Miezi yote nawatisha watu kwa ukali. Kumbe dawa ni upole."

Wazazi wakacheka naye kidogo, kwa uoga, wakidhani yamekwisha. Kijiko akavaa kofia. Akalichukua lile kopo juu ya meza, akalipima uzito mkononi.

"Hilo unalichukua kwa kosa gani?" Targelia akasema. "Hizo ni zao. Zinarudishwa."

"Seño, ulinijia ukaniapia hawa watu hawana hata chumvi." Hakupandisha sauti. Alionekana ameumia kweli, kama mtoto aliyedanganywa na mwalimu. "Nikakuamini wewe. Mimi, kwa heshima ya kunifundisha kusoma, nikawaacha. Kumbe wakiombwa vizuri, wanajaza kopo kwa siku nne."

"Wameuza vitu vyao, wamekopa..."

"Kila mtu huuza vitu vyake." Akamwinamia Betsabé kidogo. "Wewe endelea kufundisha, dada. Hakuna atakayekugusa. Nitapita mwezi ujao."

Pikipiki iliondoka. Hakuna aliyemkemea Betsabé, na afadhali wangemkemea. Waliinuka mmoja mmoja kutoka kwenye vile viti vidogo, wakatoka.

Wiki ile darasa liliyeyuka. Kwanza Yandry alipelekwa kwa bibi yake Santo Domingo, kisha ndugu wawili wakahamia Quito kwa shangazi, kisha wakaacha kuja hata wasio na pa kwenda, wakabaki nyumbani tu. Kila asubuhi Betsabé alisimama mbele ya ubao akifundisha kugawanya, na kila asubuhi viti vilivyobaki vilikuwa vichache. Ofisi ya mazoezi ilipopata habari haikukasirika. Yule bibi alimwambia kwa simu kwamba darasa lisilo na wanafunzi halihesabiki, atatafutiwa shule nyingine mwaka ujao, na ashukuru kwamba chanjo zake zote zitakuwa bado zinafaa. Alisema kwa furaha, kumtia moyo. Betsabé alikata simu kabla hajamtukana.

Eufemia alikuja Ijumaa kumchukua Dayra. Alikuwa na begi moja na kuku ndani ya kikapu. Hakukwepa. Aliingia hadi mezani kwa mwalimu, akang'oa ukutani jina la mwanawe la karatasi za rangi, akalikunja kwa uangalifu.

"Mnakwenda wapi, mama?"

"Nikikwambia utamwambia mtu?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Betsabé, akayaacha.

"Acha kulia," Eufemia alisema. "Najua hukutaka. Mimi ndiye niliyewatumia wenzangu sauti yako, mimi ndiye niliyezunguka na kopo nyumba kwa nyumba kuwabana watoe. Ningekuwa na ubishi kidogo, ningekuuliza. Lakini mtu akikwambia anayajua majina ya watoto wako, huulizi." Aliweka begi begani. "Sasa wamejua tunazo. Hilo halirudi tena ndani."

Dayra alisimama mlangoni akivuta sketi ya mama yake. Eufemia akageuka aende, kisha akarudi hatua moja, akamshika Betsabé mkono karibu na bega, pale alipodungwa, kwa kidole gumba.

"Ile ya kifaduro. Ulidungwa kweli?"

"Nilidungwa, doña Eufemia."

"Iliuma?"

"Kidogo."

Mama yule alimwachia mkono. "Basi wewe," alisema, "ndiye niliyekuwa namtaka."